Jinsi Vichafuzi Sugu vya Mazingira Vinavyodhuru Seli za Ini, na Maana Yake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Vichafuzi sugu vya mazingira ni kemikali zisizovunjika kwa urahisi, ambazo husafiri mbali na kurundikana katika miili ya viumbe. Makala haya yanaeleza namna kemikali hizo zinavyodhuru seli za ini la binadamu. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu kubwa ya madhara hutokana na juhudi za ini lenyewe za kuiondoa sumu isiyokubali kuondoka. Mifano imechukuliwa Uturuki, Japani, Taiwan, Ukraini na Marekani, kisha maana yake inaangaliwa kwa nchi za Afrika Mashariki, ambako ini hilohilo hubeba pia mzigo wa sumukuvu na wa virusi vya homa ya ini aina ya B.

Utangulizi

Kati ya mwaka 1955 na 1959, wakazi wa vijiji vya kusini-mashariki mwa Uturuki walikula ngano ambayo haikukusudiwa kuliwa. Ilikuwa ngano ya mbegu, waliyogawiwa wakulima ikiwa imechanganywa na heksaklorobenzini, dawa ya kuzuia kuvu. Chakula kilikuwa haba na ngano ilikuwapo. Ikasagwa, ikaokwa mikate. Dalili zilizojitokeza zilikuwa za ngozi: malengelenge katika sehemu zinazopigwa na jua, makovu, weusi wa uso, na nywele zilizoota mashavuni hata kwa watoto. Mkojo wa wagonjwa uligeuka rangi ya mvinyo mwekundu. Inakadiriwa kwamba watu kati ya 3,000 na 4,000 waliugua. Watoto waliokuwa wakinyonya hawakupata malengelenge hayo. Walipata ugonjwa ambao wanakijiji waliuita pembe yara, yaani kidonda cha waridi, na wengi wao walikufa. Sumu ilikuwa imewafikia kupitia maziwa ya mama.

Waliowapokea wagonjwa hao mara nyingi walikuwa madaktari wa ngozi, lakini chanzo cha ugonjwa kilikuwa ndani ya ini. Kisa hicho kinafaa kuwa mwanzo wa mjadala huu kwa sababu kinaonyesha mambo mawili ambayo watunga sera husahau: ini linaweza kuharibika bila mgonjwa kulalamikia ini, na aliyekula sumu si lazima awe ndiye anayekufa kwayo.

Kichafuzi sugu ni kitu gani

Kemikali huitwa sugu inapodumu katika udongo, maji au mwili kwa miaka badala ya siku. Nyingi kati ya zinazozungumziwa hapa zimejengwa kwa pete za kaboni zilizozungukwa na atomu za klorini: DDT na zao lake DDE, heksaklorobenzini, poliklorobaifenili (zinazojulikana zaidi kwa kifupi PCB), dioksini na furani. Huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kwa sababu hiyo hupanda ngazi ya chakula, kutoka tope hadi samaki mdogo, kutoka samaki mdogo hadi sangara, na kutoka sangara hadi mlaji, zikizidi kukolea katika kila ngazi. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwezi Mei 2001 na kuanza kutumika mwezi Mei 2004, ulianza na kemikali 12 za aina hii. Leo orodha ina zaidi ya 30.

Miongoni mwa zilizoongezwa baadaye limo kundi lenye tabia tofauti, nalo ni kemikali za florini zijulikanazo kwa kifupi PFAS, zilizotumika katika povu la kuzimia moto, vikaango visivyoshika chakula na vitambaa visivyolowa. Hizi hazijifichi katika mafuta ya mwili. Hushikamana na protini, hasa albumini ya damu na protini inayobeba asidi za mafuta ndani ya ini. Njia ni tofauti, lakini makao ni yaleyale.

Kwa nini ini

Takriban robo tatu ya damu inayoingia katika ini hutoka kwenye vena lango, ambayo hukusanya karibu kila kilichofyonzwa utumboni. Ini ni forodha ya mwili: shehena nyingi zinazotoka katika chakula hukaguliwa hapo kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Wakaguzi wenyewe ni vimeng'enya vya jamii ya saitokromu P450, vilivyopangwa katika mtandao wa vitando ndani ya seli ya ini. Kazi yao ni kupachika oksijeni kwenye kemikali ngeni inayoyeyuka katika mafuta, ili ipatikane sehemu ya kuishikia. Baada ya hapo vimeng'enya vingine hufunga kwenye sehemu hiyo molekuli inayopenda maji, kama vile glutathioni, na mzigo hutolewa kupitia nyongo au mkojo.

Utaratibu huu hufaulu kwa dawa za hospitali, kwa sumu za mimea na kwa homoni za mwili wenyewe. Hushindwa kwa kichafuzi sugu kwa sababu moja rahisi: atomu za klorini zimekalia nafasi ambazo oksijeni ingepachikwa. Kimeng'enya hushika kitu kisichokuwa na mpini. Kama ini lingeiacha tu kemikali hiyo ipite, pengine madhara yangekuwa madogo. Lakini seli ya ini haikuumbwa kukata tamaa mapema.

Kengele isiyozimika

Ndani ya seli ya ini mna protini iitwayo kipokezi cha Ah, ambayo kazi yake ni kutambua molekuli bapa zenye pete. Dioksini kali kuliko zote, TCDD, hukaa katika kipokezi hicho kama ufunguo katika kufuli yake. Kipokezi kilichokaliwa huingia katika kiini cha seli, huungana na protini mwenzake, hushika sehemu maalumu za DNA, na kuamuru vimeng'enya vitengenezwe kwa wingi, hasa CYP1A1 na CYP1A2. Kwa molekuli ya kawaida amri hiyo hujizima yenyewe: vimeng'enya huivunja molekuli iliyoleta amri, na kengele hunyamaza. TCDD haivunjwi kwa kasi ya kutosha, hivyo kengele huendelea kulia kwa miaka.

Matokeo ya kwanza ni kwamba ini hujitengenezea mtego. CYP1A2 inayozalishwa kwa wingi huishika dioksini bila kuibadilisha, na kuifanya irundikane katika ini kuliko inavyotarajiwa kutokana na kiasi cha mafuta kilichomo. Panya walioondolewa jeni ya kimeng'enya hicho hawaonyeshi mrundikano huo.

Matokeo ya pili ni uvujaji wa elektroni. Ili kupachika oksijeni, saitokromu hupokea elektroni na kuikabidhi oksijeni. Pale kemikali iliyoshikwa inapokataa kubadilishwa, kama zifanyavyo baadhi ya PCB, elektroni hizo hupotea njia na kuigeuza oksijeni kuwa radikali huru na peroksidi ya hidrojeni. Kiwanda kinafanya kazi, lakini bidhaa yake ni moshi. Moshi huo huunguza mafuta ya vitando vya seli, hudhoofisha mitokondria zinazozalisha nishati, na kutoboa DNA. Akiba ya glutathioni, ambayo ndiyo ngao ya seli, hutumika kuzima moto ambao kichafuzi chenyewe hakikuuwasha moja kwa moja.

Hapa ndipo kisa cha Uturuki kinapopata maelezo. Seli ya ini hutengeneza himu, sehemu ya protini inayobeba chuma, kwa hatua kadhaa. Pale vimeng'enya vilivyochochewa na heksaklorobenzini vinapovuja oksijeni yenye ukali, moja ya malighafi za himu huunguzwa na kuwa kizuizi cha kimeng'enya cha hatua inayofuata. Mnyororo hukatika, na mabaki yaitwayo porfirini hujaa ndani ya ini, humwagika katika damu, huingia katika mkojo na kuupa rangi ile, na yakifika kwenye ngozi huamshwa na mwanga wa jua. Chuma kilichozidi katika ini huharakisha mchakato wote. Jambo hili si la kupuuzwa na watafiti wa bara hili, kwani kujaa chuma katika ini kutokana na pombe ya kienyeji iliyopikwa katika vyombo vya chuma kumeelezwa kwa miongo mingi kusini mwa Afrika.

Swali la kipimo linastahili kutajwa hapa. Mwaka 2004 Viktor Yushchenko, mgombea urais wa Ukraini, alilishwa TCDD kwa kiwango kikubwa sana. Madaktari waliomfuatilia walikuta nusu ya sumu ikipungua mwilini katika miezi takriban 15, ilhali kwa watu wenye viwango vidogo muda huo huwa miaka 7 au zaidi. Ini lililochochewa kupita kiasi lilimudu kuivunja kidogokidogo. Kwa mlaji wa kawaida, anayepokea chembe ndogo kila siku katika samaki au mayai, hakuna uchochezi wa namna hiyo. Chembe huingia na kukaa. Kiwango kidogo, kwa maana hii, hakimaanishi muda mfupi.

Mafuta yasiyo na pa kwenda

Si vichafuzi vyote hupitia kipokezi cha Ah. DDT na PCB nyingi zisizo bapa huamsha vipokezi vingine viwili, CAR na PXR, vilevile vinavyoamshwa na fenobabitoni, dawa ya kifafa inayojulikana sana katika zahanati za ukanda huu. Seli huvimba, mtandao wa vitando hutanuka, na ini zima huongezeka uzito. PFAS, kwa kuwa zinafanana kwa umbo na asidi za mafuta, huamsha kipokezi cha PPAR-alfa ambacho hudhibiti uunguzaji wa mafuta.

Vipokezi hivi havikuwekwa kwa ajili ya sumu peke yake. Vinaendesha pia uchumi wa mafuta na sukari mwilini. Anayevisukuma kwa kemikali ngeni anavuruga hesabu za jikoni. Katika wanyama wa maabara, TCDD huongeza milango ya kuingizia asidi za mafuta katika seli ya ini, hupunguza uunguzaji wake katika mitokondria, na kuzuia usafirishaji wake kwenda nje. Mafuta yanaingia, hayaunguzwi, hayatoki. Hivyo mtu mwembamba asiyekunywa pombe anaweza kupata ini lenye mafuta, hali ambayo daktari asiyeuliza habari za mazingira ataihusisha na lishe.

Kwa binadamu, ushahidi wa PFAS ni mpana. Katika bonde la mto Ohio nchini Marekani, ambako maji ya kunywa yalichafuliwa na PFOA, damu ya watu wazima takriban 47,000 ilichunguzwa. Kadiri PFOA ilivyokuwa nyingi ndivyo kiwango cha ALT, kimeng'enya kinachovuja kutoka katika seli za ini zilizoumia, kilivyopanda. Mwishoni mwa mwaka 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka PFOA katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi ambalo TCDD iliwekwa mwaka 1997.

Kutoka seli moja hadi kiungo kizima

Seli moja ikifa, jirani yake hugawanyika na kuziba pengo. Uwezo huo wa kujijenga upya ndio sifa kuu ya ini. Uharibifu wa kudumu huanza pale kifo kinapoendelea bila kukoma. Seli za Kupffer, walinzi wa ndani ya ini, huamshwa na mabaki ya waliokufa na kutoa ishara za uvimbe. Seli zenye umbo la nyota, ambazo kwa kawaida huhifadhi vitamini A, huacha kazi yao na kuanza kusuka nyuzi za kovu. Kovu likienea huitwa sirosisi. Saratani huja kwa njia hiyohiyo: vichafuzi vingi kati ya hivi si mahodari wa kubadili jeni moja kwa moja, bali huzilazimisha seli kugawanyika mara kwa mara na kuziokoa zile zilizokwisha haribika zisife kama ipasavyo.

Kuna hila nyingine ambayo haitajwi sana. Klorodekoni, dawa ya wadudu iliyotumika kwenye migomba ya Guadeloupe na Martinique hadi mwaka 1993, huua seli chache tu za ini ikiwa peke yake. Lakini panya waliolishwa kiasi kidogo chake, kisha wakapewa tetrakloridi ya kaboni kwa kipimo ambacho kwa kawaida huvumilika, walikufa. Ukali wa kemikali hiyo ya pili uliongezeka mara 67. Uchunguzi ulionyesha kwamba klorodekoni haikuongeza sana jeraha la mwanzo. Ilizuia seli zilizobaki zisigawanyike. Ini halikufa kwa kuchomwa, lilikufa kwa kunyimwa uwezo wa kupona.

Mafuta ya kukaangia

Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, mafuta ya kupikia ya pumba za mpunga yalichanganyika na PCB zilizokuwa zikizunguka katika mabomba ya kupashia joto kiwandani. Kuku walitangulia: takriban 400,000 walikufa mapema mwaka huo baada ya kula chakula kilichotengenezwa kwa mabaki ya mafuta hayo. Miezi kadhaa baadaye wakaja watu, wapatao 2,000, kwa ugonjwa ulioitwa Yusho, ugonjwa wa mafuta. Ilibainika baadaye kwamba PCB zilipopashwa moto mara kwa mara ziligeuka kwa sehemu kuwa furani, ambazo ni kali zaidi, na furani hizo ndizo zilizobeba lawama kubwa. Tukio la namna hiyohiyo lilitokea Taiwan mwaka 1979. Miaka iliyofuata, vifo vya wanaume kwa saratani ya ini vilizidi kiwango cha kawaida miongoni mwa wagonjwa wa Japani, na kwa magonjwa sugu ya ini na sirosisi miongoni mwa wale wa Taiwan.

Maelezo haya yana uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Nchini Kenya kumeripotiwa kwa miaka mingi wizi wa mafuta ya transfoma za umeme, ambayo huuzwa kwa wakaangaji wa chipsi na samaki kwa kuwa hudumu kwenye karai kuliko mafuta ya mboga. Si kila transfoma ina PCB. Zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1980 kwa kawaida zimejazwa mafuta ya madini. Lakini transfoma kuukuu zingalipo, na mafuta yaliyowahi kuchanganywa wakati wa matengenezo hayatambuliki kwa jicho wala kwa harufu. Karai la kukaangia, likipashwa moto kutwa nzima, ni mfano mdogo wa kile kilichotokea katika mabomba ya Japani.

Ini lenye mizigo mingine

Tafiti nyingi za vichafuzi sugu zimefanywa kwa watu ambao maini yao hayakuwa na adui mwingine mkubwa. Hali si hiyo hapa. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya na kuua 125. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 walikufa katikati mwa Tanzania. Hivyo ni vilele tu. Kati ya mlipuko na mlipuko watu huendelea kula viwango vidogo. Sumukuvu na virusi vya homa ya ini aina ya B vikikutana katika ini moja, hatari ya saratani huzidishana badala ya kujumlishana.

Vichafuzi sugu huingia katika mkutano huo kwa mlango wa nyuma. Sumukuvu haidhuru DNA mpaka ibadilishwe na vimeng'enya vya ini, CYP1A2 na CYP3A4, vilevile vinavyochochewa na dioksini, DDT na PCB. Uchochezi huo huongeza pia vimeng'enya vya kuizimua, kwa hiyo matokeo hutegemea mpangilio wa matukio. Panya waliopewa fenobabitoni pamoja na sumukuvu walipata uvimbe wa ini kwa uchache. Kemikali za aina hiyo zikitolewa baada ya DNA kuharibika, huukuza uvimbe. Mtoto wa kijijini anayekula mahindi yenye kuvu tangu kuachishwa ziwa, kisha akakulia katika nyumba inayopulizwa DDT au karibu na ghala la viuatilifu vilivyochakaa, anafuata mpangilio ule mbaya zaidi. Uchunguzi uliofanywa Linxian, China, na kuchapishwa mwaka 2006 ulihusisha mabaki ya DDT katika damu na saratani ya ini katika mazingira ambamo sumukuvu ipo.

Hata hivyo sheria za nchi za ukanda huu huzipima sumu mojamoja. Sumukuvu ina kikomo chake katika nafaka chini ya mamlaka za viwango, viuatilifu viko chini ya wizara za kilimo, mafuta ya transfoma chini ya mashirika ya umeme, na homa ya ini chini ya wizara za afya. Ini halina mgawanyo huo wa wizara.

Yanayohusu vipimo na usimamizi

Kipimo kinachotumika zaidi kukagua ini, yaani ALT, hutegemea seli zinazopasuka na kumwaga vilivyomo. Katika ugonjwa wa ini lenye mafuta unaosababishwa na sumu za viwandani, uliochunguzwa kwa wafanyakazi wa kloridi ya vinili nchini Marekani, ALT ilionekana kuwa ya kawaida ingawa vipande vya ini vilionyesha mafuta, uvimbe na kovu. Kilichopanda ni saitokeratini 18, protini inayoachwa na seli zinazokufa. Watafiti waliowafuatilia wakazi wa Anniston, Alabama, ambako PCB zilitengenezwa hadi mwaka 1971, walitumia kipimo hicho na kukuta dalili za ugonjwa wa ini kwa zaidi ya nusu ya waliochunguzwa. Mradi wowote wa ukaguzi wa jamii zinazoishi karibu na dampo au ghala la sumu, ukitegemea ALT peke yake, unaweza kutangaza usalama usiokuwapo.

Maghala hayo yapo. Katika shamba la Vikuge, mkoani Pwani nchini Tanzania, viuatilifu vya msaada vilivyopokelewa mwaka 1986, takriban tani 170 na sehemu yake ikiwa imekwisha pita muda, viliwekwa katika banda lililoporomoka baadaye. Udongo uliendelea kuonyesha DDT kwa wingi hata baada ya usafishaji. Nchini Uganda, upulizaji wa DDT katika wilaya za Apac na Oyam mwaka 2008 ulisimamishwa kwa amri ya mahakama, na mjadala ulitawaliwa na soko la pamba na ufuta wa kilimo hai. Hoja ya soko ilikuwa halali. Hoja ya malaria ilikuwa halali pia, kwani DDT huokoa watoto ambao mbu wangewaua. Ini halikupata wakili.

Kwa walioathirika tayari, tiba ni finyu. Wafanyakazi wa kiwanda cha klorodekoni mjini Hopewell, Virginia, walipewa kolestiramini, unga unaonasa kemikali katika nyongo kabla haijafyonzwa tena utumboni, na muda wa nusu ya sumu kutoka mwilini ulishuka kutoka siku 165 hadi takriban 80. Kwa vichafuzi vingine vingi mafanikio hayo hayajarudiwa kwa kiwango hicho. Njia kubwa ya asili ya kuitoa sumu katika mwili wa mwanamke ni kunyonyesha, na anayeipokea ni mtoto. Faida za maziwa ya mama zinabaki kuwa kubwa kuliko hatari hiyo kwa viwango vya kawaida, ndiyo maana pa kuzuilia ni kwenye chanzo.

Mkataba wa Stockholm unazitaka nchi wanachama ziondoe vifaa vyenye PCB katika matumizi ifikapo mwaka 2025 na kukamilisha usimamizi salama wa taka zake ifikapo mwaka 2028. Kazi ya kwanza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: kuchukua sampuli ya mafuta ya kila transfoma kuukuu, kuipima klorini, na kuandika matokeo kwenye bati la transfoma yenyewe ili fundi atakayeifungua ajue anachokishika. Kifaa cha kupimia klorini katika mafuta huingia katika mkoba.